Amerika Imekuja Kuposa

Alhamisi, tarehe 8 Februari

Amerika imemwandikia mutoto wangu. Amerika yenyewe! Si rafiki wa rafiki, si pasta aliyewahi kupita Lusaka. Chuo kikuu kizima, chenye mnara na kengele, kimemwandikia Jémima wa hapa Kapata, mutoto wa mimi Mama Mbelu. Barua imeingia kwenye simu. Mpendwa Jémima, tungefurahi kukufahamu. Mpendwa! Lucien hajaniita mpendwa tangu siku ya ndoa, na siku ile padri ndiye aliyemlazimisha.

Jémima ananiomba nisipige kelele. Anasema alijiandikisha mwenyewe kwenye mtandao, kule parokiani kwenye kilabu cha Kiingereza, na kwamba vyuo vya kule vinaandikia batoto elfu na elfu wa dunia nzima, njo desturi yao. Nikamwambia, mwanangu, weye una diploma ya taifa yenye asilimia ambayo mtaa huu haujawahi kuona, lakini dunia huijui. Kwetu chuo kinafuatwa. Unakifuata Lubumbashi na karatasi kwapani, unasimama juani, karani anatafuna karanga mbele yako, anakwambia urudi kesho. Chuo kinachotangulia kumwandikia musichana, tena kwa maneno matamu, kina jina moja tu. Mposaji.

Amekaa nyumbani na hiyo diploma tangu mwaka jana, maskini. Mshahara wa baba yake haukufika hata Lubumbashi. Nilijua Mungu ana sababu zake.

Nimekwenda kwa Mama Yolande, nyumba ya tatu, kuazima chumvi. Chumvi ninayo. Hénock wake anasoma Uchina, mambo ya migodi, na mtaa mzima tunakumbushwa Uchina hiyo mvua ikinyesha na jua likiwaka. Nikamuuliza, kwa upole kabisa, kama ni Uchina iliyomwandikia Hénock au ni Hénock aliyeiandikia Uchina. Akanipa chumvi nyingi kupita kiasi ili niondoke.

Jumamosi, tarehe 10 Februari

Waposaji wamefika watatu. Leo tumewakagua wote, mimi na Jémima, vichwa vimegusana juu ya simu.

Cha kwanza kina theluji tu. Nimekikataa kabla picha haijamaliza kufunguka. Cha pili kina kiwanja cha mpira kikubwa kuliko cha mjini, lakini alama yao ni kindi. Sitampa mutoto wangu kwa ukoo wa kindi. Cha tatu kinaitwa Wendover Falls, jimbo la Ohio. Ohio! Unalitamka kama unapoza kijiko cha uji. Lakini matofali mekundu, mto, kengele, miti iliyochanwa kama nywele. Familia inayoeleweka.

Jémima amenitembeza mule ndani kwa kidole chake. Ilikuwa kama kwenda kukagua kwa wakwe bila kupanda lori. Wanafunzi wamelala kwenye majani mchana kweupe, vitabu juu ya tumbo. Kwetu ukimwona mtu amelala hivyo asubuhi unaita ndugu zake. Wanakula katika jumba kubwa, unajipakulia unavyotaka, hakuna anayekuangalia sahani. Utalala chumba kimoja na musichana usiyemjua, chuo ndicho kimemchagua. Nikauliza ukoo wake ni upi. Jémima akasema hawaulizi hayo. Tutaona.

La ajabu kuliko yote: unaingia bila kusema utasoma nini! Unaonja kwanza. Nyota wiki hii, ngoma wiki ijayo, hesabu. Kama mtu anayepita sokoni na kidole kwenye kila sufuria. Nikamwambia aandike udaktari. Hapana. Anataka kusoma maji. Maji yanayopita chini ya ardhi. Anataka kujua kwa nini kisima chetu kina ladha ya chuma, kimeoga nini kule kwenye migodi, na nani atakinywea baada yetu. Alipokuwa anasema hayo alisimama bila kujua kwamba amesimama. Sijamwona hivyo tangu siku ya matokeo.

Kisha tukafika kwenye bei ya masomo. Nilidhani ni namba ya simu.

Jémima akanieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Mtaa wote wa Kapata ukiuza mabati yake, haitoshi. Lakini Wendover Falls wanatoa bourse nzima: masomo, kitanda, chakula, ndege. Wanawapa watoto wachache ambao wazazi wao hawawezi kulipa. Hiyo ndiyo njia pekee. Ikikosekana, kuna depo la madini kule Fungurume linalotafuta musichana wa kuandika uzito wa magunia, na atakwenda huko.

Lucien alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kwenye lindo lake, anavua mabuti. Akasema basi ni rahisi, tuwaambie ukweli, kwa mara ya kwanza umaskini wetu utatufaa kwa kitu. Nikamkatiza. Baba Jémima! Nani anamwonyesha mkwe umaskini? Nikawafundisha wote wawili. Mahari inafuata nyumba. Wakwe wakikuta viti vizuri na mbuzi amefungwa uani, wanaongeza. Wakikuta benchi moja, wanapunguza. Baba yangu alimpokea Lucien na benchi moja, na nikatolewa kwa baiskeli isiyo na breki.

Lucien akasema breki ilikuwapo.

Jémima akasema tena, sauti ya chini, kwamba bourse si mahari. Kule wanampa asiyenacho. Nimecheka hadi nikakaa chini. Nani duniani anampa asiyenacho? Aniletee nimwone.

Jumatatu, tarehe 12 Februari

Barua mpya! Madame mmoja wa Wendover Falls, jina lake Colleen, anataka kuzungumza na Jémima Ijumaa kwenye simu ya picha. Wazazi wakipenda kusalimu, wanakaribishwa. Ndivyo inavyoanza. Kwanza wanatuma shangazi.

Jémima anataka azungumzie hapa, kwenye sebule yetu, mbele ya ukuta ule unaobanduka. Anasema ukuta hauna neno. Ukuta hauna neno! Ukuta wetu unasema mambo yote.

Nimepata wazo, na mtu mwingine hapa mtaani asingelipata. Mtandao wetu unakatika ovyo, hilo hata Jémima analijua. Mama Yolande ana mtandao wa nyumbani, ule wa antena, kwa sababu ya kuongea na Uchina. Nikamwambia Jémima tutakwenda pale kwa ajili ya mtandao tu. Akakubali. Sikumwambia kwamba pale kuna pia makochi ya ngozi, televisheni pana kama mlango na pazia la dhahabu, kwa maana mume wa Mama Yolande ananunua madini kwa wachimbaji na mizani yake inamheshimu yeye kuliko wao.

Kumwomba Mama Yolande! Aibu nimeimeza kama kwinini. Aliniacha nimesimama mlangoni huku akimaliza kula. Akaniambia, ee Mama Mbelu, kumbe Amerika nayo inahitaji makochi ya Uchina. Akaniuliza kama safari hii nimekuja kuazima chumvi au nyumba. Nikacheka. Nilicheka vizuri sana, meno yote nje. Mwishowe akakubali kwa sharti moja: naye aonekane, aitwe shangazi wa musichana, avae wigi jipya.

Nimekubali. Ili mutoto aolewe vizuri unamvumilia hata fisi.

Alhamisi, tarehe 15 Februari

Gari. Nyumba ile bila gari mlangoni ni kama bibi harusi bila viatu, na gari la mume wa Mama Yolande liko kwa fundi.

Nimekwenda kwa Tata Alfani, msafirishaji, kwao Maniema, mtu wa swala na heshima. Ana jeep nyeupe inayobeba vitunguu lakini ukiiosha huwezi kujua. Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akazungusha tasbihi yake, akaniuliza kama mutoto anajua. Nikamwambia mutoto hajulishwi mambo ya mahari. Akasema, Mama Jémima, mi gari nitakupa, lakini mgeni akikuuliza sema kweli, kwa maana mposaji mwongo na mposwa mwongo wanazaa kesi. Watu wa dini wanapenda methali. Nikamwahidi, kwa wiki nzima, mikate ya mafuta ninayowauzia wachimbaji chini ya turubai langu, akakubali jeep ikae pale hadi dereva atakapoihitaji.

Kila kitu tayari. Hata Lucien nimempangia: akae lindoni kwake, asionekane na lile koti.

Ijumaa, tarehe 16 Februari

Nimeishiwa sauti kwa furaha.

Mvua ilikuwa inapiga mabati kama ngoma ya harusi. Jémima alikaa kwenye kochi na blauzi yake ya kila siku, ile ya bluu, hataki nyingine. Akaniuliza kwa nini jeep ya Tata Alfani imeziba geti. Nikamtengeneza kola.

Madame Colleen akatokea. Nilivunjika moyo kidogo. Nywele nyeupe, hakupaka kitu, shati halijapigwa pasi, kikombe mkononi. Nilikuwa nyuma ya mlango na Mama Yolande na wigi lake. Jémima akaanza, na Kiingereza kikamtoka kama maji ya bomba la zamani, la wakati kampuni ya migodi ilikuwa bado inatutunza. Nilijua ni habari ya kisima. Niliona mikono yake inachora chini ya ardhi, inapita, inapanda. Yule madame akaweka kikombe chini. Akasogea. Akaandika. Wakacheka pamoja, mara mbili! Nikasema moyoni, imekwisha, amependwa.

Kisha madame akauliza kitu, nikashika maneno ya nyumbani, baba na mama. Jémima akavuta pumzi ili ajibu. Nikaingia.

Na madame akanisalimu kwa Kifaransa! Aliwahi kufundisha Dakar. Sikuhitaji mkalimani tena. Kifaransa changu ni cha darasa la sita lakini kinatembea. Nilikwenda kama lori la mpakani Kasumbalesa. Karibu nyumbani kwetu, madame. Hili kochi, Dubai. Mume wangu ni mkuu wa usalama wa madini. Na ni kweli, usiku analinda peke yake, mkuu mwingine hayupo. Mimi nina restaurant, wachimbaji wanakula kwangu kila siku. Kweli tena! Turubai nalo ni paa. Nikaichukua simu, nikaitembeza: televisheni, pazia, jenereta, nikaielekeza dirishani kwenye jeep. Mama Yolande akadakia kwamba hiyo ndiyo ile ndogo. Nampa haki yake, ni mwongo wa kiwango cha juu.

Hapo dereva wa Alfani akawasha gari, ana vitunguu vya kupeleka Tenke. Jeep ikapita dirishani ikaondoka. Nikamwambia madame kwamba nimemtuma dereva sokoni. Nani mwingine angefikiri upesi hivyo?

Jémima alitazama mikono yake. Mutoto aliyelelewa vizuri hamsahihishi mama yake mbele ya wageni, na huyu nimemlea mimi. Mwishoni madame akamuuliza jambo fupi kwa Kiingereza, kwa sauti laini, na Jémima akajibu neno moja, kichwa chini. Nilipomuuliza ni nini, akasema madame alitaka kujua kama yuko sawa.

Ndiyo maana nasema. Hata upole wao ni wa wakwe wazuri.

Jumapili, tarehe 18 Februari

Jémima hali na mimi. Anakula jikoni, amesimama. Ni msisimko. Mimi nilipoposwa sikula siku nyingi.

Nimetoa shukrani kanisani, kwa sauti. Sikutaja jina la Mama Yolande wala la Uchina. Nilisema tu kwamba mataifa mengine yanaita watoto wetu na mengine yanaombwa. Watu wakapiga makofi.

Lucien alinifuata njiani. Akaniambia Mbelu, weye umemwonyesha yule mama nyumba ya mtu. Nikamwambia wote tuko wapangaji wa Mungu. Akatembea mbele.

Jumanne, tarehe 19 Machi

Niandike haraka.

Asubuhi jibu likaja. Jémima alisoma mstari wa kwanza akafunika mdomo. AMECHUKULIWA! Nilitoka nje nikapiga kigelegele hadi mbuzi wa jirani akakata kamba. Kwetu mutoto akifaulu anamwagiwa poda kichwani. Nilikuwa nimeiweka poda tangu Februari, makopo mawili. Nikammwagia, nikajimwagia, nikammwagia Lucien aliyekuwa anasinzia. Mtaa ukaja. Akina mama wakafunga vitenge viunoni, wakatuzungusha hadi barabara kuu na kurudi. Mama Yolande alitazama kwenye geti lake. Nikapita karibu ili poda imfikie.

Tuliporudi Jémima aliketi juu ya ndoo, mweupe kama ukuta mpya, anasoma sehemu ya pili. Akanisomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila kupandisha sauti.

Wanafurahi sana kumpokea. Akili yake imewagusa. Kuhusu bourse, wameona kwamba familia yake imebarikiwa na inaweza kubeba gharama, na wana hakika itaelewa kwamba msaada huo unawekwa kwa ajili ya watoto ambao bila huo wasingefika. Wanamsubiri Agosti.

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Yaleyale.

Nje walikuwa bado wanacheza. Sikuwa na nguvu ya kuwaambia. Mtu mmoja akaingia akaniongezea poda.

Alhamisi, tarehe 21 Machi

Amerika ni bahili. Naandika hapa na niko tayari kurudia mbele ya balozi wao. Mkwe anakuja, anakunywa nyumba nzima kwa macho, anapenda musichana, halafu anasema kwa kuwa mna makochi basi mlipe harusi nyinyi! Kwetu tungewafukuza kwa mwiko.

Mama Yolande anajua. Sijui nani amemwambia, labda ukuta. Ameniita Mama Amerika mbele ya watu kwenye kisima. Ameniuliza ndege inatua wapi hapa Kapata, kwa maana anataka kuanua nguo zake. Wakacheka wote, na poda yangu bado iko kwenye vitenge vyao. Hata watoto wananiita hivyo. Mama Amerika, leo mikate iko?

Leo Jémima amefungua mdomo. Sikutegemea. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Aliniambia kwamba siku ile madame hakumuuliza kama yuko sawa. Alimuuliza: hii ni nyumba yenu? Na yeye akajibu ndiyo. Akasema, Mama, nilichagua. Ningesema hapana, weye ungekuwa mwongo mbele ya muzungu. Nikasema ndiyo, na sasa niko mwongo mimi. Kisha akasema atawaandikia ukweli wote, na haniombi ruhusa.

Lucien akatoka chumbani amevaa. Koti la ulinzi, kofia, fimbo, tochi. Mchana kweupe! Akasimama mbele ya ule ukuta unaobanduka, akamwambia apige picha. Akaniuliza mimi kama kola imekaa sawa. Nikageuka.

Wamepiga picha zote. Ukuta. Kisima. Turubai langu na masufuria yangu, bila hata kunipa nafasi ya kuyasugua. Wamezituma Ohio. Mtu anayevuliwa nguo sokoni anahisi nini? Sasa najua.

Jumatatu, tarehe 25 Machi

Madame Colleen amejibu. Jémima amenisomea mwenyewe, amekaa karibu nami, mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Madame ameandika kwamba alimkumbuka musichana wa kisima kila siku. Kwamba hakasiriki, watu wote wanapanga viti mgeni akija. Kuna nafasi moja ya bourse bado, mtu mmoja ameiacha, na atampigania. Lakini wenzake wamesikia hadithi mbili za nyumba moja, na hadithi ya kwanza ilisemwa na mama. Kwa hiyo mama huyohuyo athibitishe ya pili. Atanipigia simu mimi, Jumatano. Neno moja tu la mzazi.

Jémima akanishika mkono. Akaniomba, tafadhali Mama, uwaambie vile tuko. Ni neno moja. Mikono yake ilikuwa baridi. Watu wa Fungurume nao wanataka jibu wiki hii, amewaomba wamngojee.

Nikamwambia mwanangu, nani anakupenda kuliko mimi? Akasema hakuna. Nikamwambia, basi lala.

Jumatano, tarehe 27 Machi

Siku njema kabisa! Niiandike yote.

Madame alipiga wakati wa kula, turubai limejaa. Wachimbaji wameketi hadi kwenye ndoo, udongo mwekundu hadi masikioni, bukari, ugali wetu, mkononi. Mmoja akauliza, Mama, nani anakupigia na namba ndefu vile? Nikasema Amerika. Wote wakaacha kutafuna. Nikaweka sauti ya nje ili wasikie Kifaransa changu.

Madame alikuwa mpole sana. Akaniuliza habari ya mvua. Akasema anajua ni vigumu, na kwamba hakuna aibu yoyote. Kisha: je, ni kama Jémima alivyoandika? Baba mlinzi, mama anapika chini ya turubai, ile nyumba ya jirani? Nikisema ndiyo, mchana huuhuu analipeleka kwa wenzake, na anaamini watakubali.

Neno lilifika hadi kwenye ulimi. Nakiri hapa, lilifika. Niliona mikono ya Jémima. Kisha nikaona nyuso zote zile zinaningoja, na mmoja wao ni mpwa wa Mama Yolande, kijiko hewani. Na hapo nikauona mtego! Wakwe wana desturi hii. Kabla ya kuleta mali wanamtuma shangazi mpole, anakuuliza kwa sauti tamu kama kweli nyumba ni yenu, kama kweli mbuzi ni wenu. Wanakupima. Ukiyumba, imekwisha, wanajua hamna msimamo. Familia yenye msimamo inarudia neno lake la kwanza.

Nikanyooka. Nikamwambia, madame, binti yangu ni mnyenyekevu mno, tumemlea asijivune, hata mahali pa kusifu anajishusha. Baba yake huvaa lile koti anapokagua vijana wake. Na turubai? Nikamwambia ni la wafanyakazi, jengo lenyewe liko nyuma. Nyumba ni ile aliyoiona, na hata sasa tunaongeza ghorofa.

Nikasikia anaweka kikombe chini. Alikuwa ameridhika. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia neno la Mama Mbelu halina mbili. Akasema asante. Akasema tena asante, polepole, akanitakia mema mimi na Jémima. Sauti ilikuwa nzito, nadhani aliguswa. Wachimbaji wakapiga makofi, mpwa wa Mama Yolande naye akapiga, nimemwona.

Jioni Jémima alinisubiri mlangoni. Hakuthubutu kuuliza. Nikamwambia amepiga. Akauliza kama tumezungumza. Nikamwambia tumezungumza vizuri, kama wanawake wawili wazima. Akaniuliza, Mama, umewaambia? Nikamwambia nimewaambia yote, tena zaidi ya yote.

Alinikumbatia! Alinikumbatia hadi kilemba kikaanguka, akalia shingoni kwangu kama wakati alipokuwa mdogo, akasema asante Mama, asante, anajua iligharimu nini. Lucien akaketi kitandani akafuta macho kwa kofia yake ya kazi. Kisha mutoto akachukua simu, akawapigia watu wa Fungurume, akawaambia kwa furaha wamtafute mwingine.

Na walitaka kumwachia mutoto mambo makubwa kama haya. Posa inataka mtu mzima.